Nimemtafuta babu yangu wa Keya miaka sita, kumbe jina aliloandikishwa jeshini halikuwa lake

Mjukuu wa Muheza

Wakuu, salaam. Uzi huu nimeuahirisha sana, maana kila nikitaka kuandika jambo jipya linaibuka. Leo naona naweza kusimulia toka mwanzo. Ni mrefu, nitaugawa.

Babu mzaa baba alifariki 1991 nikiwa darasa la nne. Tulimzika Muheza, na jina tulilomzika nalo ndilo ubini wangu kwenye kila karatasi niliyo nayo, toka cheti cha kuzaliwa hadi kitambulisho cha NIDA. Bibi alikuwa Mbondei, na sisi tumekua tukijiita Wabondei. Tulijua tu kwamba babu "alikuja". Ukimuuliza ametokea wapi, ananyoosha mkono kunakozama jua, anasema "huko bara", na mazungumzo yameishia hapo. Ukimuuliza habari za vita anasema "mvua". Sikumsikia hata siku moja akitaja risasi.

Mwaka 2017 baba naye akatutoka. Tukiwa tunapanga vitu vyake, shangazi akashusha mkebe wa majani ya chai kutoka juu ya kabati. Ndani mlikuwa na nyota ya rangi ya shaba yenye ncha sita, na utepe uliochakaa: buluu iliyokoza, mstari mpana mwekundu katikati, mistari miembamba ya rangi ya chungwa pembeni. Kulikuwa na karatasi iliyoliwa na mchwa ikabaki nusu. Na kulikuwa na kipande cha manamba, yaani vibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge, ile kadi ya siku 30 za kazi, imejazwa hadi siku ya kumi na tisa.

Nyota ile ni Burma Star. Hupewi kwa kuvaa sare tu, ilikuwa ya waliokwenda kule Bama kwenyewe na maeneo ya vita vile. Nyuma haina jina. Nimekuja kujifunza kuwa nyota nyingi za Vita vya Pili walizotoa Waingereza hazikuchongwa jina, tofauti na medali za vita vya 1914 hadi 1918, ambazo ukingoni mwake utakuta namba, cheo, jina na kikosi. Kwa hiyo kama kwenu kuna ile medali ya fedha ya duara ya vita vya Mjerumani, angalieni ukingo wake kabla mtu hajaisugua na mchanga.

Kwenye ile nusu karatasi yalisomeka mambo mawili tu: tarakimu nne za mwisho za namba yake, na "36 K.A.R."

Mjukuu wa Muheza

Naendelea. Kwa vijana: Keya ni hiyo K.A.R., King's African Rifles, jeshi ambalo Waingereza waliliunda mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vyao vya Nyasa, Kenya na Uganda. Mjerumani aliposhindwa, batalioni ya 6 ikawa ya Tanganyika, na mwanzoni ilijazwa hata na askari waliokuwa wakimpigania Mjerumani huyohuyo. Vita vya Hitla vilipokuja wakaongeza batalioni nyingi, na hapa kuna siri ya namba ambayo ingeniokolea mwaka mzima kama ningeijua: batalioni za Tanganyika ziliishia na 6. Kulikuwa na ya 26, ya 36, ya 46. Za Uganda utaona ya 4 na ya 34. Ukikuta namba kwenye karatasi ya babu yako, anza na tarakimu ya mwisho.

Batalioni ya 36 ilikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye alama ya kichwa cha kifaru. Walifanya mazoezi Sri Lanka, wakati huo ikiitwa Ceylon, kisha katikati ya mwaka 1944 wakapelekwa mpakani mwa India na Burma, wakamfukuza Mjapani kwenye bonde la Kabaw kuelekea mto Chindwin. Majeshi mengine yalisubiri masika ya kule yapite, hawa walitembea ndani yake. Malori yalizama, barabara ziliyeyuka, chakula kiliangushwa na ndege. Mji wa Kalewa ulichukuliwa mwanzoni mwa Desemba 1944, na hapo likajengwa daraja la kuelea lenye urefu wa zaidi ya futi 1,100.

Niliposoma habari ya mvua ile niliweka simu chini. Kumbe mzee alikuwa ananijibu siku zote.

Mkamba wa Pwani

Ndugu yangu, salamu toka Mombasa. Umenigusa sana. Kwetu mjomba wa mama alienda na kikosi cha mizinga, hakurudi. Nyanya yetu alikuwa akisema "alimezwa na bahari", na sisi watoto tulidhani ni kisa cha kututisha tusiende kuogelea. Mwaka juzi nikaingia kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, wana orodha ya bure kabisa, nikaweka jina. Sikupata kitu. Nikabadilisha herufi moja, bado. Nikaacha jina, nikatafuta kwa tarehe: 12 Februari 1944. Akatokea.

Ni siku ilipozama meli Khedive Ismail karibu na Maldives, ikitoka Mombasa kwenda Colombo. Manowari ya Mjapani iliipiga, ikazama kwa dakika chache mno, wakafa watu zaidi ya 1,200, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Jina lake waliliandika jinsi karani Mwingereza alivyolisikia. Kwa hivyo ushauri wangu: mkikosa jina, tafuteni kwa tarehe au kwa kikosi, kisha msome kwa sauti kila jina linalofanana.

Mjukuu wa Muheza

Pole sana kaka, na asante. Hilo la kusoma kwa sauti ni la dhahabu. Niongeze kwamba orodha ile ni ya waliokufa tu. Babu alirudi 1946, kwa hiyo hayumo, na mimi nilipoteza miezi nikidhani kutokuwemo maana yake alitudanganya.

Kijana wa Gerezani

Mkuu, vipi sisi ambao babu zetu walikuwa wapagazi? Babu mkubwa alikuwa "Kerikoo" vita vya kwanza, Mwingereza akamkokota mpaka Lindi. Nimeandika majina yote ninayoyajua, hakuna kitu.

Mjukuu wa Muheza

Mdogo wangu, hapo nitakuambia ukweli unaouma. Kariakoo yetu ya Dar na Kariokor ya Nairobi zimebeba jina la kikosi kile cha wapagazi, Carrier Corps, lakini majina ya wapagazi wenyewe kwa sehemu kubwa hayakuchongwa popote. Mwaka 2021 Tume hiyohiyo ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vya kwanza, na pengine hadi 350,000, wengi wao wakitoka Afrika Mashariki, Afrika Magharibi, Misri na Somalia, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Pita sanamu ya Askari pale Posta, imesimama toka 1927, ina maandishi kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, lakini hutakuta jina la hata mpagazi mmoja. Hivyo wewe usitafute jina kwenye jiwe. Tafuta kijiji, jumbe aliyewatoa watu, na kama familia ilikuwa ya Kikristo, kitabu cha ubatizo.

Binti Bagamoyo

Kuhusu vitabu vya ubatizo niseme kidogo, nimefanya kazi ofisi ya parokia miaka tisa. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifungua Bagamoyo mwaka 1868, na kwenye misheni kongwe kama hizi vitabu vya zamani vimeandikwa Kilatini au Kifaransa. Usiogope lugha. Mpangilio ni uleule: namba, tarehe, jina la ubatizo, wazazi, msimamizi, padri. Wengi huishia hapo. Angalia pembeni mwa ukurasa! Mtu akifunga ndoa, hata parokia nyingine mbali kabisa, taarifa inatakiwa irudishwe ilikobatizwa na iandikwe pembeni mwa jina lake. Nimeona mtu akimpata babu aliyehamia mkoa mwingine kwa mstari mmoja wa pembeni. Njoo na mwaka wa kukisia na jina la msimamizi kama linajulikana, na usimwambie katibu wa parokia "natafuta ukoo wangu", mwambie "natafuta ubatizo wa fulani kati ya mwaka huu na huu". Atakusaidia haraka zaidi.

Mjukuu wa Muheza

Asante dada. Nimeandika hilo la pembeni kwenye daftari langu.

Sasa nirudi kwangu. Mwaka 2018 nilifanya jambo pekee nililolifanya kwa wakati: nilimrekodi bibi. Alikuwa na miaka tisini na kitu, akili timamu. Nilikaa naye jioni tatu jikoni huku anachambua kisamvu, simu nimeilaza kwenye ungo. Sikumuuliza "babu alitoka wapi", maana hilo alishachoka kuulizwa. Nilimuuliza babu alikuwa anakula nini akiumwa, alikuwa anaimba nini akilima, alimwogopa nani. Akaniambia mambo mawili.

La kwanza, akiwa na homa alikuwa anasema lugha ambayo bibi hakuijua.

La pili, kila mwaka mwezi wa Shaabani alikuwa anasoma hitima, na katika majina ya marehemu alikuwa anataja jina lake mwenyewe. Siyo lile la Kiislamu alilolipata Muheza, lile la asili tunalolitumia kama ubini. Bibi alidhani mzee anajisomea mapema. Siku moja akamuuliza, akajibiwa, "Huyo ndiye aliyenipa njia." Basi.

Bibi alifariki mwaka uliofuata. Ningechelewa msimu mmoja tu wa mahindi, neno hilo lingekwenda naye.

Mjukuu wa Muheza

Upande wa karatasi. Nilianza na Nyaraka za Taifa pale Upanga, Dar. Nenda na barua ya utambulisho na kitambulisho, vaa uvumilivu, na usiombe faili la babu kwa sababu halipo. Omba faili la jambo lililompitia babu. Mimi niliomba mafaili ya ajira ya mkonge na vile vitabu vya wilaya walivyoandika mabwana shauri. Humo nilijifunza manamba walivyoletwa: mawakala wanakwenda Kigoma, Songea, Njombe, Rwanda na Urundi, hata Msumbiji, wanaandikisha vijana, wanawapa namba, wanawasafirisha. Toka 1944 kazi hiyo ikawa ya shirika moja la wenye mashamba, SILABU. Mtu wa Kigoma aliyepelekwa Tanga alishuka treni ya Reli ya Kati halafu akamalizia kwa mguu au lori, kwa sababu reli ya Kati na ya Tanga hazikuunganishwa mpaka 1963. Njiani kulikuwa na kambi za kulala. Kumbukeni hizo kambi.

Uingereza nako, binti wa shangazi anaishi Reading, akaenda kwenye hifadhi yao ya nyaraka ya Kew. Kuingia ni bure, unapewa kadi ya msomaji, na unapiga picha kwa simu yako bila malipo. Shajara za vita vya Burma ziko chini ya namba ya kumbukumbu WO 172. Za vita vya kwanza Afrika Mashariki ziko WO 95. Alinitumia kurasa nyingi. Ofisa wa Kizungu akiugua jino anaandikwa jina. Askari wetu wakifa wanaandikwa idadi. Nilikasirika, nikalala, asubuhi nikazisoma upya kwa sababu ndizo pekee zinazoniambia babu alilala wapi usiku gani.

Mtanga wa Berlin

Mkuu, uzi mzuri mno. Nikuongezee mtu ambaye karatasi zake zilibaki kwa sababu alidai haki yake. Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, 1904. Baba yake alikuwa askari wa Mjerumani, na yeye mwenyewe akaingizwa akiwa mtoto katika vita vya kwanza. Mwaka 1929 akafika Ujerumani akiwa mhudumu wa meli, akaenda Wizara ya Mambo ya Nje kudai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Wakamkatalia. Akabaki Berlin, akafundisha Kiswahili chuoni, akaigiza filamu, akaoa. Mwaka 1941 wanazi wakamkamata, akafia kambi ya Sachsenhausen Novemba 1944. Tangu 2007 kuna jiwe dogo la shaba lenye jina lake mbele ya alipokuwa anaishi. Nikipita hapo huwa nasimama kidogo.

Ninachotaka kusema: tafuteni malalamiko. Barua za kuomba pensheni, kudai mshahara, kugombania shamba. Aliyenyamaza na kuridhika aliacha karatasi chache sana.

Kijana wa Gerezani

Au mtu aandike mwenyewe. Mzee Kleist Sykes aliandika maisha yake kabla ya kufa 1949, ndiyo maana tunajua baba yake alitoka Msumbiji na jeshi la Wissmann, kamanda wa Mjerumani, yeye mwenyewe akampigania Mjerumani, na wanawe Abdulwahid na Ally wakaenda Burma na Keya kisha wakawa waasisi wa TANU. Vizazi vitatu vya askari, majeshi mawili yaliyopigana.

Mwana wa Kasulu

Mwidiwe! Mjukuu wa Muheza, mimi ni mtu mzima wa Buha, nchi ya Waha kule Kigoma, nimekusoma toka jana. Umesema jina lile alilosomea hitima ni ubini wako. Kama hutaki kulitaja hapa nitumie faraghani. Lugha aliyosema akiwa na homa naihisi tayari.

Mjukuu wa Muheza

Mzee wangu, shikamoo. Nimekutumia.

Mwana wa Kasulu

Marahaba mwanangu. Kwa ruhusa yako nijibu hapa ili wengine wajifunze, maana jina lenyewe wanalo maelfu. Babu yako aliitwa Bukuru. Kwetu jina hilo halitolewi ovyo. Bukuru ni pacha wa kwanza, wa pili ni Butoyi, kama Wasukuma wasemavyo Kulwa na Doto. Sasa nakuuliza: Butoyi yuko wapi?

Msomaji wa Buja

Naunga mkono kutoka Bujumbura. Huku kwetu Burundi nako ni hivyohivyo, Bukuru na Butoyi. Kwa hiyo msifunge mpaka mapema, manamba wengi walitoka huku pia.

Mjukuu wa Muheza

Wakuu, samahani kwa kimya cha muda mrefu. Nilisafiri.

Swali lile la mzee lilininyima usingizi. Nyumbani hakuna aliyewahi kusikia habari ya pacha. Mzee wa Kasulu akaanza kuulizia vilima kwa vilima, akisaidiwa na katekista mmoja na mzee wa soko, na baada ya miezi saba akanipigia: kuna ukoo upande wa Heru Juu unaosimulia mapacha waliokwenda manamba kabla ya vita, hawakurudi.

Nilikwenda na shangazi. Tulipokewa na bibi mmoja, mama yake alikuwa dada wa hao mapacha. Hakutuuliza tunataka nini. Alimtazama shangazi usoni muda mrefu, akamshika mkono akamkalisha karibu naye.

Akasimulia alichokisikia kwa mama yake. Walioondoka walikuwa wawili. Baada ya mwaka manamba waliorudi walileta habari: Butoyi aliugua akafia kambini njiani, Bukuru amefika Tanga na anafanya kazi. Mama yao akamlia Butoyi, akawa anamsubiri Bukuru mpaka alipokufa.

Halafu bibi akasema, kama jambo la kupita tu, kwamba Butoyi alikuwa na kovu la moto. Alianguka mekoni akiwa anatambaa, mkono wa kushoto, toka kiwiko mpaka kifundo.

Shangazi akaanza kulia kabla yangu. Mimi nimelala kwenye mkono ule. Ngozi ilikuwa laini kama karatasi, haina vinyweleo, na nilikuwa napenda kuitelezesha kidole wakati babu amepumzika mkekani.

Aliyekufa njiani alikuwa Bukuru. Babu yetu alikuwa Butoyi. Ninavyoelewa mimi, aliyekuwa ameandikishwa vizuri na kadi yake mkononi alikuwa Bukuru, na alipokufa mdogo wake akabeba kadi ile akaendelea nayo, kisha Keya wakamwandika kwa jina la kadi, kisha sisi. "Aliyenipa njia." Mama yao alimlia aliye hai, akamsubiri aliyekufa, na babu alijua hivyo maisha yake yote, kwa sababu asingeweza kutuma salamu bila kusema yeye ni nani.

Mkamba wa Pwani

Ndugu yangu, nimesoma nikiwa matatuni na nimeshindwa kujizuia. Mungu awarehemu wote wawili.

Binti Bagamoyo

Amina. Na ubini wako utabadilisha?

Mjukuu wa Muheza

Hapana dada. Tulikaa kikao cha ukoo Muheza, kikawa kigumu. Baba mdogo alisema baba yake amezikwa na jina lake na hataki mtu aliguse kaburi. Shangazi akasema kaburi lile lina jina la mtu aliyelala kambini njiani bila alama. Tulizungumza mpaka alfajiri.

Baba mdogo alikwenda Kasulu peke yake mwezi wa nne, hakutuaga. Aliporudi alileta mche wa mgomba wa kule, ameufunga kwa gunia lenye maji, akaupanda nyuma ya nyumba. Wiki iliyopita alinipigia kuniuliza bei ya marumaru iliyochongwa majina mawili.